Afisa kapima desibeli 54 ukutani, mama halali usiku: nani yuko sahihi?

"Shikamoo mhandisi. Tunaishi pembezoni mwa Jiji la Tanga, nyumba yetu iko kama mita 200 kutoka ukuta wa kiwanda chenye mitambo yake ya kufua umeme kwa dizeli. Mchana hatuna shida. Usiku, kuanzia saa nne hivi, kuna mvumo mzito usiokatika. Mama yangu ana presha, analala chumba cha nyuma, na anasema anausikia kifuani kuliko masikioni. Mdogo wangu yuko chumba cha mbele, hasikii kitu, anatuona wazushi. Tulilalamika, akaja afisa wao saa tano asubuhi na kipimo, akasimama ukutani kama dakika kumi, akasema ni desibeli 54 na kiwango cha eneo la viwanda ni 70, kwa hiyo hakuna tatizo. Programu ya simu yangu usiku inaonyesha 47 hadi 50. Je, tunajisumbua bure? Na tukiomba wapande miti au waongeze kimo cha ukuta, itasaidia?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na kipimo cha yule afisa, maana ndicho kinachowafanya mjione wazushi ndani ya nyumba yenu wenyewe.

Sina sababu ya kusema alidanganya. Hiyo 54 inaweza kuwa sahihi kabisa. Ila alipima saa ambayo nyinyi hamlalamiki, akapimia mahali ambapo hakuna anayelala, na kwa mizani ambayo kwa kawaida yake hupunguza sauti nzito, ileile inayomkosesha mama usingizi. Amejibu swali ambalo hamkuuliza.

Tuanze na hiyo 70. Miongozo ya mwaka 2007 ya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ambayo miradi mingi yenye mikopo ya kimataifa hutakiwa kuifuata, inataja 70 kwa maeneo ya viwanda na biashara, mchana na usiku. Lakini kwa makazi na shule inataja 55 mchana, na 45 kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi. Au basi mradi usipandishe kelele za kawaida za eneo kwa zaidi ya desibeli 3 pale alipo jirani wa karibu zaidi, nje ya kiwanja. Hapa nchini tunazo Kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Nazo hutenganisha makazi, maeneo mchanganyiko na maeneo ya viwanda, na usiku zinabana zaidi kuliko mchana. Kwa hiyo swali la kumrudishia afisa ni fupi: nyumba yetu mmeiweka kundi gani, na kiwango chake cha usiku ni kipi? Wapo pia wanaoleta ile 85 ya sehemu za kazi. Hiyo ni ya kulinda masikio ya mfanyakazi anayeshinda saa nane karibu na mashine. Mama aliyelala kwake hapimwi kwa hiyo.

Sasa mvumo wenyewe. Injini inayofua umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, huzunguka kwa mwendo usiobadilika: za wastani mizunguko 1,500 kwa dakika, zile kubwa mara nyingi 750 au 500. Chukua ya 1,500 yenye silinda nane. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, na katika injini ya mipigo minne nusu ya silinda huwaka katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Kila ikiwaka, pigo moja linatoka kwenye bomba la moshi. Unapata sauti ya hezi 100, nzito, ya namna moja, isiyopanda wala kushuka hadi alfajiri. Pembeni kuna transfoma, nayo huvuma kwa hezi 100, kwa sababu chuma chake cha ndani hunyumbuka mara mbili katika kila mzunguko wa umeme. Ongeza feni za rejeta zinazovuma kwa kadiri ya idadi ya mapanga na kasi yake, na turbochaja yenye mluzi mwembamba.

Mluzi ule hamuusikii kwa sababu sauti nyembamba hukatwa na ukuta na kumezwa na hewa njiani. Nzito hupita. Ni kama harusi ya mtaa wa tatu: mwimbaji humsikii, ila besi unayo kitandani.

Hapo ndipo mizani inapoingia. Desibeli zinazoandikwa dBA zimechujwa ili zifanane na sikio la binadamu, ambalo kweli haliko makini kwenye sauti nzito. Mchujo huo hupunguza takriban desibeli 19 kwenye hezi 100, na 30 kwenye hezi 50. Mvumo wa hezi 100 wenye desibeli 70 halisi utasomeka 51 tu. Si ujanja wa kiwanda, ndivyo vipimo vinavyosomwa duniani kote, na kwa kelele zilizochanganyika kama za barabarani mizani hiyo inafaa vizuri. Udhaifu wake hujitokeza pale sauti nyingine zote zikizima na mvumo mmoja ukabaki peke yake. Kwa hiyo kipimo kizuri huwa na mizani ya pili, dBC, ambayo karibu haipunguzi kitu kwenye hezi 100. Ombeni zote mbili zisomwe kwa wakati mmoja. C ikiizidi A kwa 15 hadi 20, hapo hakuna tena kusema "ni 47 tu". Sauti lazima ichambuliwe bendi kwa bendi, yaani nzito, ya kati na nyembamba kila moja isomwe peke yake.

Uchambuzi huo una faida nyingine. Kiwango cha kimataifa cha kupima kelele, ISO 1996 (hiyo ni namba yake, si mwaka), kinatambua kwamba sauti ya toni moja inakera kuliko kelele mchanganyiko yenye desibeli zilezile. Kati ya hezi 25 na 125, bendi moja ya theluthi ya oktavo (kipande chembamba cha sauti) ikizizidi jirani zake zote mbili kwa desibeli 15, hiyo huhesabiwa kuwa toni, na kipimo huweza kuongezewa adhabu ya desibeli 3 hadi 6. Ile 47 yako, kama ingepimwa kwa chombo halali, ingeweza kuandikwa 53.

Kuhusu mdogo wako, msisuse naye, huenda hadanganyi. Wimbi la hezi 100 katika joto la Tanga lina urefu wa kama mita 3.5, na la hezi 50 kama mita 7. Vipimo hivyo vinakaribiana na vyumba vyetu. Sauti ikiingia chumbani inagonga ukuta, inarudi, inakutana na inayokuja. Mahali pengine zinajumlishana, pengine zinafutana. Chumba cha mita 3.5 kinaingia nusu kamili ya wimbi la hezi 50: utausikia sana karibu na kuta na pembeni, na katikati utapungua waziwazi. Kitanda cha mama, nadhani, kichwa kimeegemea ukuta, tena kwenye kona? Kisogezeni usiku mmoja hata mita moja, mwone. Haigharimu kitu, na wakati mwingine inaleta nafuu ambayo ukuta wa mamilioni usingeleta.

Na kwa nini usiku? Mnaweza kudhani ni kwa sababu mtaa umelala, na hilo ni kweli kwa sehemu. Lakini hewa nayo inabadilika. Mchana ardhi ina joto, hewa ya chini ni ya moto kuliko ya juu, sauti inapinda kwenda juu na kupotea. Usiku mtulivu ardhi inapoa, mpangilio unageuka, sauti inapinda kurudi chini, inawaangukia walio mbali kidogo. Kisha upepo. Kwenu Tanga mchana upepo hutoka baharini kwenda bara, na usiku, kusi au kaskazi ikitulia, hugeuka kutoka bara kwenda baharini. Hukusema nyumba iko upande gani wa kiwanda. Ikiwa ni upande wa bahari, basi saa tano asubuhi afisa alipima wakati upepo unaondoa sauti kwenu, na usiku unawaletea. Kwa mita 200 tofauti ya desibeli kadhaa ni jambo la kawaida tu.

Kuna na jambo la ukuta, ambalo hata wapimaji wazoefu hulipuuza. Kupimia mpakani kuna sababu zake nzuri: mahali hapabadiliki, hapahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, na vipimo vya mwaka huu vinaweza kulinganishwa na vya mwaka jana. Lakini ukisimama chini ya ukuta mrefu uko kwenye kivuli chake. Ncha ya bomba la moshi iko juu huko, sauti yake inaruka ukuta na kutua mbele zaidi. Nyumba iliyo mita mia na kitu inaweza kupokea mvumo wa bomba kuliko mtu aliyesimama ukutani. Ndiyo maana kipimo cha mpakani peke yake hakitoshi kwa malalamiko kama yenu. Lazima kiende sambamba na cha nyumbani.

Kipimo ninachotaka mkidai ni hiki. Kifanyike usiku, kati ya saa tano na saa kumi, mitambo ikiwa kwenye mzigo wa kawaida wa usiku, na mzigo huo uandikwe: injini ngapi, megawati ngapi. Pasipo kuandika mzigo, karatasi hiyo haina maana, kwa sababu injini nne zinazofanana zinatoa desibeli 6 zaidi ya moja. (Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: 50 na 50 ni 53.) Chombo kiwe cha daraja la 1 au la 2 kwa kiwango cha IEC 61672, kihakikiwe kwa kisahihishi, kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, kwa kawaida desibeli 94, kabla na baada ya kazi. Kipaza sauti kivikwe sponji ya kuzuia upepo, kiwe mita 1.2 hadi 1.5 kutoka chini, na angalau mita 3.5 kutoka ukuta wa nyumba, kwani karibu na ukuta sauti inayorudi huongeza kama desibeli 3. Upepo ukipita mita 5 kwa sekunde, waahirishe. Watakuwa wanapima minazi.

Kisha, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, wapime mitambo ikiwa imezimwa, mahali palepale, usiku uleule au unaofanana nao. Bila hicho hakuna anayejua kiwanda kimeongeza nini. Tuseme mitambo ikiwaka ni 49 na ikizimwa ni 46: mitambo yenyewe ni kama 46. Ikiwaka 49 na ikizimwa 36, karibu yote ni ya mitambo. Tofauti ikiwa 3 au pungufu, hesabu haitegemeki. Meneja atasema hawezi kuzima. Kiwanda chenye injini nne huwa na siku za matengenezo, na umeme wa gridi ukiwepo mara nyingi injini hupumzishwa. Waombeni ratiba.

Katika kupima usiku kwetu pwani kuna mtego mmoja: nyenje na vyura. Wakati wa masika wanaweza kuipandisha dBA hadi 50 wenyewe, na hapo kiwanda kitasema, "Mnaona? Ni wadudu." Au nyinyi mtawabebesha kiwanda mzigo wa wadudu. Sauti za wadudu nyingi ziko juu, maelfu ya hezi, wakati mvumo uko chini ya 200. Mpimaji mwenye bendi anazitenganisha kwa urahisi. Mwenye namba moja tu hawezi.

Simu yako basi. Kipaza sauti cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, simu nyingi hukata sauti nzito kwa makusudi, na hakuna aliyeihakiki. Usiipeleke hiyo 47 hadi 50 kwa mtu yeyote kama ushahidi. Wataikataa, na watakuwa na haki. Lakini usiifute. Ikiwekwa mahali palepale kila usiku inaweza kuonyesha mabadiliko: saa ngapi ilipanda, saa ngapi ilishuka. Hilo pamoja na daftari la tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na mama aliamka mara ngapi, kwa wiki mbili hivi, litamsaidia mpimaji kuchagua usiku wa kuja. Andikeni pia usiku ambao hamkusikia kitu. Daftari lenye malalamiko matupu halimshawishi mtu.

Je, mnajisumbua bure? Hapana. Kwa masikio, ondoeni hofu: 50 hailetei mtu uziwi. Usingizi ni suala jingine. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 ilipendekeza isizidi 30 ndani ya chumba cha kulala kwa kelele za mfululizo, na ikaeleza kwamba zenye sauti nzito nyingi zinahitaji kuwa chini ya hapo. Kuhusu presha nisikuongopee: ushahidi uliopo umetokana zaidi na kelele za barabara na ndege, na sitasema jenereta imempandishia mama presha. Kukosa usingizi mfululizo hakumsaidii mwenye presha, hilo halina ubishi.

Miti. Natamani ingekuwa jibu, maana ni rahisi na inapendeza. Mstari wa miashoki kando ya ukuta hauzuii chochote cha kupimika. Hata msitu mnene wa makumi ya mita hupunguza desibeli chache, tena za sauti nyembamba. Ombeni miti kwa ajili ya kivuli na vumbi. Kuongeza ukuta nako kunasaidia pale tu unapoficha chanzo kabisa, na hata hivyo wimbi la mita 3.5 hupinda juu ya ukuta wa mita 4 bila taabu. Na kama chanzo ni ncha ya bomba la moshi, ukuta wa kuificha haujengeki.

Dawa iko kwenye chanzo, na itategemea chanzo ni kipi. Ikiwa ni moshi, kinachohitajika ni sailensa iliyosanifiwa kwa hezi hizo mahususi, yenye vyumba vya kurudisha wimbi nyuma. Zile zenye pamba ya madini pekee zinafaa zaidi kwa sauti za juu. Tena mara nyingi sailensa ilikuwepo na imeoza ndani kwa kutu. Mtu mmoja kuingia na tochi kunaweza kumaliza kesi. Ikiwa ni feni, habari ni njema: kelele ya feni hushuka haraka ukipunguza kasi, karibu desibeli 5 kwa kupunguza asilimia 20, na 15 kwa kupunguza nusu. Usiku hewa ni baridi kidogo, rejeta haihitaji kasi yote. Ikiwa ni mtetemo unaopita ardhini au kwenye mabomba, waangalie mipira ya kushikilia injini. Na ipo njia isiyohitaji kununua kitu: usiku waendeshe injini zilizo mbali zaidi na nyumba. Kila umbali ukizidi mara mbili, sauti ya chanzo kimoja hupungua kama 6.

Kwenu nyumbani msitumie fedha nyingi. Kufunga madirisha huzuia sauti nyembamba kuliko nzito, na joto la Tanga mnalijua. Pangaboi likizunguka linaweza kufunika mvumo kidogo, wapo wanaolala vizuri hivyo.

Njia ya kufuata: barua fupi kwa uongozi wa kiwanda ikiomba kipimo cha pamoja cha usiku, nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mazingira wa Halmashauri ya Jiji. Ulizeni pia mpango wao wa usimamizi wa mazingira unataja kupima kelele wapi na mara ngapi. Mradi uliofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira huwa nao. Wakikaa kimya, pelekeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, mkiwa na daftari na nakala ya barua. Nenda kwa adabu. Nimeona malalamiko ya haki yakikwama kwa sababu kikao cha kwanza kiligeuka matusi, na viwanda vingine hurekebisha feni ndani ya wiki moja vikiombwa vizuri.

Mama apelekwe kliniki sasa, msisubiri kipimo cha kelele. Daktari aambiwe kwamba halali, na tangu lini, ili presha ifuatiliwe na dawa ziangaliwe. Akipata maumivu ya kifua, pumzi kubana au kichwa kuuma sana kwa ghafla, hiyo ni ya hospitali usiku huohuo, mvumo uwepo usiwepo. Na mumpeleke akalale siku mbili tatu kwa ndugu, Muheza au popote pasipo na mitambo. Akiusikia mvumo uleule huko, aonwe na daktari wa masikio, kwa sababu upo mvumo unaotoka kwenye sikio lenyewe. Mvumo ukimwacha akiwa huko, chanzo mnacho hapo jirani, na maelezo hayo yaingie kwenye barua.